Kama hoteli inataka mukuba wetu, iandike na majina yetu

Siku hizi ukipita kwa mafundi wa mukuba na wa malakite hapa Lubumbashi, hata kama umeenda kuwasalimia tu, utasikia habari moja: hoteli. Kuko hoteli kubwa inajengwa, wanasema ya nyota tano, na wenye hoteli wametuma watu watafute vitu vya kupamba: ku resepsio, ku ngazi, ndani ya vyumba, mupaka ku vyoo. Hawataki vitu vya kutoka Dubai. Wanataka, njo neno lao, "uriti wa hapa". Sisi watoto wa Union Minière na wa Gécamines, tulizaliwa ku makambi na leo tunaikaa ku sité, tulisikia ile neno na tukafurahi. Hatutadanganya, tulifurahi kabisa. Kiisha tukaanza kusikia namna wanapima.

Papa mumoja wa kwetu alikuwa fundi wa mashini ku Gécamines. Tangu alitoka kazini anapiga mukuba. Alikuwa ametengeneza sahani kubwa, mita moja na kidogo: wanawake wanarudi kutoka mutoni, nyuma yao mulima wa terili, na shemine inatoa moshi. Kazi ya miezi mbili. Mutu wa hoteli akaitazama, akaisifu, akaipiga foto na telefone yake. Nyuma akaomba waipime.

"Kilo!" Papa anatuambia. "Balipima mukuba yangu ku kilo, sawa mitraye. Banasema: bei ya mukuba, na kidogo ya mukono juu. Minabauliza, basi mukono yangu iko na kilo ngapi? Banacheka."

Tena wakamuomba atoe shemine. Moshi, wanasema, itafanya wageni wafikiri mambo ya uchafu. Wanawake na mabeseni yao wanaweza kubakia.

Hatuandiki hii kusudi hoteli isijengwe. Hoteli inaleta kazi: kufua, kupika, kulinda, kuendesha gari, kuandika majina ya wageni. Watoto wetu wengi wenye diplome wanangojea ile milango ifunguke. Tena kuchagua vitu vya hapa ni jambo la heshima. Tumechoka kuingia mu biro za wakubwa na kukuta foto ya Paris usiku, ao tablo ya twiga wawili na jua nyekundu. (Twiga! Katika Katanga yote hakuna twiga wa pori hata mumoja. Wa Kongo wako kule Garamba, kaskazini kabisa. Hatujui ile tablo inatoka wapi, lakini iko ku kila biro.) Kwa hiyo mutu akisema anataka vitu vyetu, tunamukaribisha na kiti. Lakini akishaikaa, tunapashwa kuzungumuza naye.

Watu wa hoteli walikuya na karatasi ya vitu wanavitaka. Wengi wetu tumeiona, maana ilipita mukono kwa mukono. Misalaba ya mukuba, yote saizi moja, yenye kungaa. Maski za Wachokwe "za zamani", kwa muda wa majuma tatu. Lukasa za Waluba, kwa kubandika juu yao namba ya vyumba. Meza ya bar ya malakite. Tablo za samaki na ndege. Foto kubwa za ba-creuseurs wenye vumbi ku uso.

Tuanze na musalaba, kwa sababu njo unatuuma zaidi.

Mbele muzungu yeyote aweke mashini hapa, watu wa hii inchi walikuwa wanayeyusha mukuba. Walifanya ile kazi wakati wa kiangazi, nyuma ya kuvuna mutama. Waliokota mawe ya kijani, ile malakite, wakajenga tanuru na udongo wa kichuguu, wakatia makala, wakapuliza moto na mifuko ya ngozi. Mukuba ilipoyeyuka waliimimina ndani ya umbo la musalaba. Mwaka 1926 Monsinyeri de Hemptinne aliandika habari zao na kuwaita "wala mukuba", ni kusema watu wenye kuishi kwa njia ya mukuba. Ile jina inatufaa mupaka leo, hata kama mukuba yenyewe wanakula wengine.

Ule musalaba ulikuwa franga. Ulitembea mbali sana na hapa. Uliolea wanawake, ulilipa deni, ulimaliza maneno kati ya jamaa. Kule Sanga, karibu na ziwa Kisale, watu wenye elimu walichimba makaburi mu mwaka 1957 na 1958, wakakuta wafu wamezikwa na misalaba yao, mingine midogo sana karibu na mikono, sawa vile mutu anashikisha musafiri nauli. Na mu mwaka 1960, wakati Tshombe alitenga Katanga, misalaba tatu iliingia ndani ya bendera. Muzee wa hapa akiiona ku ukuta, pengine anafikiri ndoa ya nkambo yake. Mwengine anafikiri bendera. Mwengine tena anakumbuka woga wa ile miaka. Haiko nyota ya kupamba mti wa Noeli.

Sasa, hoteli inataka misalaba mingi ya saizi moja, ya mashini. Inawezekana, mashini iko. Lakini mu Kenya na mu Katuba hatukose watu wanajua kumimina mukuba ndani ya muchanga, na ile misalaba inatoka kila mumoja na uso wake: huu mukono mufupi, huu uko na tundu, huu umepinda kidogo. Njo ilivyokuwa zamani. Kama wanataka uriti, njo ule. Kama wanataka vitu vya saizi moja, wanunue visahani.

Tuseme na jambo lingine waziwazi, kwa sababu komisioneri wamekwisha kuanza kuzunguka. Kuko wale wanapita mu vijiji wakiuliza misalaba ya kweli, ya kutoka ndani ya udongo. Musifanye vile. Ile haitoke mu udongo tu, inatoka mu kaburi. Tena sheria ya tarehe 15 Marsi 1971 juu ya vitu vya utamaduni iko, na mwenye atafungwa haitakuwa komisioneri mwenye gari, itakuwa kijana mwenye jembe.

Juu ya maski tutasema kidogo, kwa sababu wenye maski wako na wenyewe wa kusema, kule Dilolo na Sandoa. Mwana Pwo inaheshimu mama wa zamani, wale walizaa ukoo. Inachezwa na wanaume, na kuko namna ya kuivaa na namna ya kuiweka. Fundi wa leo anaweza kuichonga kwa kuuzisha, hakuna zambi pale. Zambi iko mu neno "ya zamani". Ukimwambia fundi alete maski ya zamani nyuma ya majuma tatu, unamwambia adanganye. Ataichoma moshi, ataipaka mafuta, ataizika mu udongo wenye maji, na ku hoteli wataandika karatasi ndogo: karne ya 19. Kwa nini wasiandike: hii ilichongwa mwaka huu, na mutu fulani, wa kijiji fulani? Mugeni atalala vibaya?

Maski za kweli za zamani nyingi haziko hapa, kila mutu anajua. Mwaka 2022 Ubelgiji ilipatia serikali yetu liste ya vitu karibu 84.000 vya Kongo vyenye kuwa mu musée ya Tervuren. Liste, hapana vitu. Mu mwezi wa Juni wa ule mwaka mufalme Philippe alileta maski moja kubwa ya Wasuku kule Kinshasa, na hata ile ilikuya kwa njia ya kuazimwa. Kama wakubwa wanabishana vile kwa maski moja, sisi huku tusitengeneze za uongo kwa dazeni.

Na lukasa! Hapa tunaomba ruhusa ya kukasirika kidogo. Lukasa ni kibao cha ukumbusho. Kiko na shanga na alama, na mwenye kufundishwa, mutu wa Mbudye, alikuwa anaipitisha kidole juu yake na kuhadizia (kwa zamu, mbele ya watu) safari za wafalme wa Waluba, ukoo, pahali patakatifu. Ni buku. Sasa wanataka makumi ya mabuku yenye hayasomeki kusudi waandike juu yao 214, 215, 216. Mama mumoja Muluba wa Kamalondo alipoisikia alisema: "Basi bapige na Biblia misumari ku milango." Hatukuwa na kitu cha kuongeza.

Lakini hatutaki kusema paka hapana, hapana. Kama hoteli iko na hamu ya lukasa, iende kwa wazee wa Kiluba na fundi muzuri, iombe moja, moja tu, ya muji wenyewe: ushanga wa Ruashi, ushanga wa Kampemba, mustari wa reli, muto Lubumbashi, shemine. Waiweke ku resepsio, na siku zingine mutu akuye kuisoma kwa sauti mbele ya wageni, alipwe. Ile itakuwa kitu chenye hakiko ku hoteli ingine yoyote.

Ile meza ya malakite tuiseme kwa kicheko. Fundi wa malakite aliwauliza: mutakata limau juu yake? Wakajibu, bila shaka, ni bar. Akawaambia malakite haipendi limau, haipendi vinegre. Asidi inaikula, na kisu kinaikwangua kwa sababu haiko jiwe kali. Mu mwezi moja meza itakuwa na madoa sawa ngozi ya chui. Hawakujua. Waliandika ile neno mu kaye yao, wakasema merci, wakaenda. Ile shauri fundi alijifunza ku miaka mingi ya kukata mawe, na ile vumbi ya kijani anaivuta kila siku mu kifua. Mwenye kutoa shauri kwa hoteli kutoka Ulaya analipwa kwa shauri. Wetu alipata merci.

Sasa tufike ku tablo, pale tuko na mengi.

Wanataka samaki na ndege. Tunajua wanafikiri nini: wanafikiri Le Hangar. Ilikuwa mu mwaka 1946, hapa Elisabethville, Mufaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua ile atelier, akaacha vijana wachore vile wanaona wao wenyewe, bila kuiga Ulaya. Pilipili Mulongoy alichora ndege na samaki wenye kujaa tablo yote. Bela alipaka rangi na vidole, bila burosi. Mwenze Kibwanga alijaza watu na wanyama na mistari mifupi mifupi, mupaka unaona sawa wanatembea. Romain-Desfossés alikufa mu 1954, lakini zile kazi ziliishi, na mwaka 2015 watu wa Paris walisimama mbele yao ku Fondation Cartier. Ni kitu cha kujivuna. Kama hoteli inapata Pilipili wa kweli na inamulipa mwenye nayo, sisi tutapiga mikono.

Lakini ile haikuwa tablo ya nyumba zetu. Pilipili alikwenda kwa wazungu na mu ma musée. Tablo ya nyumba zetu ilikuwa ingine. Wenye kuwa na miaka ya kutosha wanakumbuka salon ya baba mu miaka ya 1970: vitanda vya mbao vyenye kutosha watu, redio, kalenda ya kampani, na ku ukuta tablo moja ao mbili zenye zilichorwa juu ya mufuko wa unga. Mamba muntu na nywele zake ndefu na nyoka. Ao "Colonie belge": mufungwa amelazwa chini, askari na fimbo, muzungu na kipipa chake anaangalia. Ao shemine na treni. Baba aliinunua kwa mutu mwenye kupita na kinga, akatoa franga za posho yake, na mama akapiga kelele siku mbili. Ile tablo tuliita ukumbusho. Wageni wakiingia waliitazama, na mazungumuzo yalianza pale: unakumbuka wakati ule, unakumbuka fulani.

Kwa hiyo mutu asituambie kama wafanyakazi hawajui sanaa. Mbele ya kila hoteli, njo sisi tulikuwa musée. Musée yenye haikulipisha mulango.

Kati ya wale wachoraji alikuwako Tshibumba Kanda-Matulu, alizaliwa hapa mu 1947. Alijiita mwenye historia. Mu mwaka 1973 na 1974 alichora historia yote ya inchi, tablo 101, na akamweleza Johannes Fabian, mwalimu wa universite, kwa Kiswahili chetu, moja kwa moja. Leo zile tablo ziko Amsterdam, kule Uholanzi. Yeye mwenyewe, nyuma ya mwaka 1981, hakuna mutu alimuona tena.

Tshibumba alichora na kifo cha wafanyakazi wa Union Minière. Musomaji, kama hujue hii habari, uliza muzee ku kartye. Mu mwezi wa Desemba 1941, wakati wa vita vya Hitler, kampani ilikuwa inatoa mukuba kwa wingi na vitu ku soko vilipanda bei, lakini mushahara ulibakia chini. Watu wakaacha kazi. Tarehe 9 walikusanyika ku uwanja wa mupira, na askari wakapiga masasi ndani ya watu. Léonard Mpoyi, mwenye alizungumuza kwa jina lao, aliuawa. Makumi ya wengine pamoja naye. Serikali ya wakati ule ilikuwa na hesabu yake, na makambi yalikuwa na hesabu yao, kubwa zaidi.

Hoteli inapashwa kutundika ile? Tulibishana sana juu ya hii, na hatukusikilizana kabisa. Wamoja kati yetu wanasema: hapana, mugeni mwenye kutoka ndege usiku hatafuti wafu ku ukuta, na sisi wenyewe wafu wetu hatuwauzishi. Wengine tunasema: ku chumba cha kulala hapana, lakini ku ukumbi mukubwa, pale wakubwa wa kampani wanakunywa kahawa na kusaini kontra, moja inaweza kuwako. Tuko na mufano. Mutoto wa hapa, Sammy Baloji, alizaliwa mu 1978, alichukua foto za zamani za wafanyakazi, wengine wamefungwa munyororo, akaziunganisha na foto zake za mashini ya Gécamines yenye kuoza. Ile kazi, "Mémoire", imetembea Ulaya, na watu wenye kuwa na suti na viatu vya bei wanalipa kuiona. Basi tusiambiwe kama mutu mwenye franga anaogopa kuona. Anaogopa paka mwenye kumupamba nyumba.

Na tena kuko wale wenye hata ku liste hawakuandikwa. Wamama. Wakati wa Union Minière na wakati wa Gécamines wamama wetu walienda ku foyer, wakafundishwa kushona, kufuma, kufanya kroshe. Nani hapa hakuikaa juu ya kiti chenye kitambaa cha kroshe, na akapigwa sababu alikichafua? Ndani ya makambi kila salon ilikuwa na vile vitambaa, vyeupe, vyenye kutiwa wanga, na kila mama alikuwa na mufano wake, ukiingia unajua ni mukono wa nani. Kama ile haiko uriti wa wachimbaji wa mukuba, basi neno uriti halina maana. Wamama wengi wanaishi, mikono bado inajua. Na ni kitu rahisi kuweka ndani ya chumba kuliko maski.

Foto za ba-creuseurs zinatupa kazi kubwa zaidi. Tumeziona mu magazeti ya inchi za mbali: kijana mwenye kutoka ndani ya shimo, taa ku kichwa, macho meupe ndani ya vumbi. Ni picha nzuri, hatukatai. Lakini ule kijana iko na jina. Iko na bibi, ao mama mwenye hajui kama anachimba, kwa sababu alimwambia anauzisha telefone. Siku moja ndugu yake atafanya kazi ya kufua ku ile hoteli na atakuta uso wake juu ya kitanda cha mutu mwenye kununua kile mwenzake alichimba. Tunaomba vitatu tu kwa wenye kupiga foto: muulize mutu mbele, mumulipe, muandike jina lake kama anakubali. Mutoto, hapana kabisa, hata kama baba anakubali, hata kama anacheka mbele ya aparei.

Kijana mumoja mwenye kukata malakite alitujibu wakati tulisema haya yote mbele yake. "Beye bazee munasema muzuri, lakini minerval ya batoto iko mbele, hoteli iko na franga leo. Minaoneshwa bei, minabeba." Hatuwezi kumukasirikia. Mwenye njaa hasomi kontra. Lakini kuko jambo moja vijana hawakuliishi, na sisi tuliliishi.

Mu mwaka 2003 na 2004 watu zaidi ya elfu kumi walitoka Gécamines kwa ile "départ volontaire". Walitupanga mustari, kila mutu peke yake mbele ya meza, karatasi, alama ya kidole ao sinyature, franga ndani ya mufuko. Wengi walikuwa na deni la miezi mingi, walisaini mbio mbio. Nyuma ya mwaka moja ile franga ilikwisha, na kurudi nyuma haikuwezekana, sababu ulisaini. Mutu peke yake mbele ya meza anakubali kila kitu. Kwa hiyo tunamwambia ule kijana, na wengine: musiende mumoja mumoja. Mafundi wa mukuba, wa malakite, wa tablo, wamama wa kroshe, muikae pamoja siku moja, muandike bei ya kazi, hapana bei ya kilo, na muende watu kumi pamoja na ile karatasi. Nusu ya franga mbele, nusu siku ya kuleta. Mutu wa hoteli akikataa, akatae kumi mara moja, tutaona atapamba na nini.

Na muandike tena hii: kuuzisha tablo haiko kuuzisha ruhusa ya kuichapa ku vikombe, ku mafuta ya kunawa, ku makaratasi ya kupeleka ulimwenguni. Ordonnance-loi ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda mwenye kutunga kazi, hata kama hakusoma mupaka diplome. Lakini sheria haitembei yenyewe. Kama ku kontra hakuna kitu, utaona ndege yako ku taulo.

Jambo la mwisho juu ya franga, wenye hoteli wanaweza kulipenda. Mukuba inageuka nyeusi. Sahani yenye kungaa leo, nyuma ya mvua mbili haingae tena, na mutu wa usafi akiipiga na dawa yoyote ya duka atatoa ile rangi fundi aliitia kwa kusudi. Malakite inahitaji kupanguswa kwa namna yake. Fundi anapashwa kurudi kila mara, na ile kurudi inalipwa ku mwezi. Kwa jamaa yenye haijue franga ya mwezi ujao itatoka wapi, mushahara mudogo wa kuchunga vitu unaweza kuwa muzuri kuliko bei kubwa ya siku moja. Hoteli nayo inapata vitu vyenye haviharibiki.

Wanasema watu wa liste watarudi mwisho wa mwezi. Wenye kuwa na neno la kuongeza walete ku mukutano wa mafundi, hata wamama, hata wenye hawauzishe kitu.

Juu ya Papa na sahani yake: hakutoa shemine. Alisema angeweza, kwa nyundo ni kazi ya siku moja, lakini pale shemine ilipokuwa patabakia tundu, na wale wanawake watakuwa wanarudi wapi? Ile sahani iko ndani ya mufuko wa unga, chini ya kitanda chake. Alitugeuzia nyuma yake tuone. Kule ukutani hakuna mutu angeona, lakini ameandika na musumari jina lake, jina la bibi yake, na namba yake ya kazi ya Gécamines.